Bango moja, namba tatu: jinsi ya kupima hali ya mabango ya sinema bila kuyumba

Swali: "Marehemu mjomba alikuwa mpenzi wa sinema, na sanduku lake la mabango limeniangukia mimi. Mengi ni ya filamu za Kihindi za miaka ya 1960 na 1970, machache ni ya Kimarekani. Januari niliyapa yote madaraja kwa kile kipimo cha C1 hadi C10, ambapo C10 ndiyo hali bora kabisa. Moja nililoliandikia 8 nikamwuzia mtu wa Uingereza. Akalirudisha, akasema halivuki 5. Agosti nikayapima yote upya bila kufungua daftari la mwanzo, na karibu nusu yakapata namba nyingine. Lile lililorudi nikaliona ni 6. Macho ni yale yale na mabango ni yale yale. Nifanyeje namba zangu zitulie? Naambatisha picha za hilo lililorudi, mbele na nyuma." (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Kaka, pole kwa mzigo kurudi. Picha nimezitazama kwa utulivu, na nianze na habari ambayo hutaipenda: wewe wa Januari, wewe wa Agosti na mnunuzi wako, wote watatu mmelihurumia bango hilo. Kwangu mimi ni 4. Nitaonyesha huko chini nimefikaje, maana ukiielewa hesabu ya hilo moja, yaliyobaki sandukuni utayamudu mwenyewe.

Macho yako hayana kosa. Shida ni kwamba namba inakujia kwanza. Unalifungua bango, unaona rangi bado zimekolea na uso wa nyota wa filamu uko safi, moyo unasema "nane hili", ndipo unaanza kutafuta kasoro. Kila kasoro unayoikuta inabidi ibishane na ile nane iliyokwisha kukaa kichwani. Siku nyingine umetoka kutazama bango lililoliwa na mchwa, basi linalofuata unaliona kama jana limetoka kiwandani. Siku nyingine umetoka kwenye lililo safi, na hilo hilo unaliona limechoka. Mtu ambaye namba zake hazihami hufanya kinyume chako: huandika kasoro zote kwanza, kwa mpangilio ule ule kila mara, kwa sentimita, bila kutaja daraja lolote. Akimaliza hulifunika bango, na daraja hulitoa kwenye ile karatasi aliyoiandika. Kulifunika si mbwembwe. Bango likiwa wazi mbele yako litakushawishi tu, hasa kama filamu yenyewe uliipenda utotoni.

Kuhusu kipimo chenyewe, C1 hadi C10 ni desturi ya soko. Wako wanaotumia maneno badala ya namba. Nyumba kubwa ya mnada kama Heritage Auctions ya Dallas huandika, kutoka bora hadi bovu, Near Mint, Very Fine, Fine, Very Good, Good, Fair, Poor. Kwa kukadiria, Very Fine huangukia kwenye 8, Fine kwenye 6 au 7, Very Good kwenye 4 au 5, Good kwenye 3. Wauzaji hawalingani sawasawa, na mgeni akisoma Good hudhani ananunua bango zuri, kumbe ni bango lenye shida za kuonekana wazi. Ndiyo maana namba tupu haimwambii mnunuzi kitu. Namba inataka ufunguo, na ufunguo inabidi uwe wako, umeandikwa, na mnunuzi anaweza kuusoma.

Wangu nimeujenga kwa dari. Kila aina ya kasoro ina dari yake, yaani daraja ambalo bango lenye kasoro hiyo halilivuki hata kama kwingine kote ni safi. 10 naliacha kwa bango lisilowahi kukunjwa wala kutundikwa, na kusema kweli ni nadra mno nilitoe. Lililokunjwa kiwandani halivuki 9. Matundu ya pini kwenye pembe yanalishusha hadi 8. Mpasuko mfupi wa pambizo, usiozidi sentimita 2, dari ni 7. Mpasuko ukishaingia kwenye picha au maandishi, au makutano ya mikunjo yakiachana, dari ni 6. Doa la maji linaloonekana upande wa mbele, 5. Selotepu ambayo gundi yake imepenya hadi mbele, 4. Kipande cha picha kilichopotea, kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, 4. Na bango lililokatwa pambizo nalo 4, hata likiwa linang'aa. Karatasi iliyokauka kiasi cha kukatika ukiigusa haipati zaidi ya 2.

Ukishaandika kasoro zote, tafuta dari ya chini kuliko zote. Hapo ndipo unapoanzia. Kisha tazama zilizobaki: zikiwa nyepesi unakaa pale pale, zikiwa nzito au nyingi unashuka nusu daraja au daraja zima. Kupanda hakuna. Wenzangu wengine wana dari tofauti, na wapo wasiohesabu kabisa mkunjo wa kiwandani kama kasoro; sina ugomvi nao, mradi dari zao wameziandika na hawazihamishi sanduku likiwa nusu.

Sehemu ya kuangalia kasoro ilipo, hiyo kanuni haiimalizi, na hapo busara yako inahitajika. Mpasuko wa sentimita 3 kwenye safu ya majina ya mafundi chini kabisa si sawa na wa sentimita 1 uliopita juu ya jicho la mwigizaji mkuu. Mimi hurudi nyuma hatua tatu nitazame ukutani. Kasoro ninayoiona kutoka hapo naiandika kwa alama ya nyota pembeni, na kila yenye nyota nikiwa kwenye hesabu inanishusha. Isiyoonekana kutoka hatua tatu huwa inaishia kwenye maelezo bila kugusa namba, isipokuwa imekutana na wenzake wengi.

Sasa namna ya kutazama, ambako ndiko watu wengi wanapofupisha. Meza kubwa, safi, kavu. Mikono umeiosha na kuikausha. Glavu za pamba ziache, uzi wake hunasa kwenye ncha za mipasuko na kuirefusha. Anza na rula, pima pande zote nne, maana bango lililokatwa mara nyingi limekatwa upande mmoja tu. Bango la kawaida la Kimarekani hadi karibu katikati ya miaka ya 1980 ni inchi 27 kwa 41, baada ya hapo 27 kwa 40. La Kiingereza lililolala ni 30 kwa 40. Ya Kihindi uliyo nayo mengi yatakuwa karibu na 30 kwa 40 yakiwa yamesimama, na tofauti ya nusu inchi isikutie wasiwasi. Kinachotia wasiwasi ni pambizo moja kuwa nyembamba kuliko mwenzake, au mstari wa chini wenye jina la mchapishaji na mji wake kutoweka, au herufi zake kukatwa kati.

Mwanga wa kwanza ni wa mchana kutoka dirishani, jua lisilipige bango moja kwa moja. Huo ndio mwanga wa kuhukumu rangi na madoa. Taa ya njano ya sebuleni inaficha madoa ya njano na ya kahawia, kwa hiyo upimaji wa usiku usahau. Mwanga wa pili ni tochi iliyolazwa mezani, miale ikipita juu ya karatasi kwa ubavu. Zima taa nyingine, funga pazia. Utashangaa: bango ulilodhani limenyooka linatoa vilima na mabonde, kunyanzi za vidole vya watu waliolishika kwa pembe, alama ya kalamu ya mtu aliyeandika barua karatasi ikiwa juu ya bango, na mahali ambapo maji yalipita karatasi ikavimba kidogo bila kuacha rangi. Kunyanzi hizo huzioni kabisa mchana, na picha ya simu ya kutoka mbele haizinasi. Mnunuzi aliyeko mbali akizikuta mwenyewe atakuita mwongo.

Mwanga wa tatu unatoka nyuma. Linyanyue bango, mtu mwingine akushikie upande wa pili, liwe kati yako na dirisha. Kila tundu la pini linakuwa nyota. Mpasuko uliobandikwa kwa ustadi unaonekana kama mstari mweusi, kwa sababu pale karatasi ni mbili. Sehemu iliyosuguliwa ikawa nyembamba inang'aa kuliko jirani zake. Ukiwa na tochi ya miale ya zambarau, ile ya kukagulia noti, ipitishe pia gizani: rangi iliyoongezwa baadaye na gundi mara nyingi huitika tofauti na wino wa mwanzo, zikawa kiraka cheusi au cheupe kisichoonekana mchana. Karatasi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili haikuwa na dawa za kung'arishia weupe, hivyo bango linalodaiwa kuwa la miaka ya 1930 likiwaka samawati chini ya tochi hiyo, maswali yaanze. Kwa mabango yako ya miaka ya 1960 na 1970 kipimo hicho cha umri hakina nguvu. Kitumie kutafuta marekebisho tu.

Halafu ligeuze. Mgongo wa bango hauna rangi za kukuvuruga, na mtu anayetaka kuficha jambo hufanyia kazi upande wa mbele. Selotepu, gundi ya unga, kalamu iliyopenya, mihuri, njia za wadudu, koga, vyote viko huko. Muhuri wa ukumbi wa sinema au wa ukaguzi wa filamu uandike lakini usiuhesabu kama uchafu. Mkusanyaji mwingine anaulipia. Ile karatasi ndefu iliyobandikwa mbele yenye jina la ukumbi na tarehe nayo ni hivyo hivyo: sehemu ya maisha ya bango, lakini eleza imefunika nini.

Kidogo juu ya mikunjo, maana najua inakusumbua kwenye yale ya Kimarekani. Kabla ya miaka ya 1980 mabango hayo yalikunjwa na mashine na kusambazwa yakiwa yamekunjwa. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa National Screen Service, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1920, na ndiyo iliyoweka zile namba za pembeni chini. Bango la Star Wars la mwaka 1977, kwa mfano, lina 77/21: mwaka, kisha namba ya filamu katika mwaka huo. Ukiona R mbele ya mwaka, filamu ilikuwa inarudishwa kumbini. Mkunjo wa kawaida ni mmoja wa wima na mitatu ya mlalo, unapata vipande vinane na makutano matatu. Hiyo ni mikunjo halali. Mkunjo wa tano uliotiwa na mtu ili bango liingie kwenye bahasha yake si halali, unaingia kwenye kasoro. Na usitazame mkunjo kama mstari mmoja: andika wino umepotea upana gani, na kwenye makutano pima tundu kwa milimita, kwa sababu pale ndipo karatasi hufa kwanza. Bango la zamani la aina hiyo lisilo na mkunjo hata mmoja ni zuri kulipata, ila kabla ya kushangilia hakikisha si chapa ya juzi.

Turudi kwenye bango lako. Umefanya vyema kuweka rula kwenye kila picha. Haya ndiyo niliyoyaandika kabla ya kufikiria namba:

Ukubwa sentimita 75 kwa 101, pambizo zote nne zipo, jina la mchapishaji lipo. Pembe zote nne zina matundu ya pini; mawili ya juu yamepanuka hadi milimita 4 na yana kutu. Chini katikati kuna mpasuko wa sentimita 3.5 ulioingia kwenye majina. Makutano ya kati ya mikunjo yameachana sentimita 1. Ya chini yana tundu la milimita 3. Pembe ya kushoto chini ina doa la maji lenye ukingo wa kahawia, sentimita 9 kwa 5. Nyuma kuna vipande viwili vya selotepu iliyokwisha kugeuka kahawia, kimoja juu ya makutano ya kati, kingine nyuma ya mpasuko wa chini. Gundi ya hicho cha pili imepenya, na mbele kuna kivuli cha sentimita 4 kinachoonekana kutoka hatua tatu. Rangi hazijafifia. Nyuso zote ni safi.

Sasa dari. Pini, 8. Mpasuko ulioingia kwenye maandishi, 6. Makutano yaliyoachana, 6. Doa la maji, 5. Selotepu iliyopenya, 4. Ya chini kuliko zote ni 4, kwa hiyo naanzia hapo. Je, nishuke? Kasoro nyingine ni nyingi, lakini zimekaa pembeni na chini, na hakuna iliyogusa uso wa mtu; kivuli chenye nyota nacho ndicho hicho kilichokwisha kunipa dari ya 4. Nabaki kwenye 4. Mwenzangu akisema 3.5 sitabishana naye. Akisema 6 nitamwomba aligeuze.

Nadhani ndilo lililotokea. Januari hukuligeuza, na huenda ulilipima usiku. Doa la maji likamezwa na taa, ukabakiwa na pini. Nane. Agosti uliona mpasuko na makutano, ukafika 6. Mnunuzi aliona doa la maji akasema 5, na yeye naye sidhani kama aliutazama mgongo vizuri. Kila mmoja wenu alisimama kwenye dari ya kasoro mbaya aliyoiona. Kwa maneno mengine hamkutofautiana katika hukumu, mlitofautiana katika kilichotazamwa, na hiyo ni habari njema kwako, kwa kuwa kutazama kunarekebishika.

Selotepu hiyo usiibandue. Usiipashe moto kwa pasi, usiipake petroli wala kile kioevu cha kuondolea rangi ya kucha. Iandike, iache. Fundi wa kuhifadhi karatasi anaweza kuitoa. Wewe utatoka na wino pamoja. Na kwa jina la Mungu usipeleke bango lolote kwenye laminesheni. Najua huku pwani mtu akitaka kutunza cheti au picha ya harusi jibu la kwanza ni laminesheni, lakini joto linaiyeyushia plastiki ndani ya karatasi na hakuna wa kuitoa tena. Bango lililolaminishwa kwangu halina daraja kabisa.

Hili linatuleta kwenye mabango yaliyotengenezwa. Ughaibuni ni kawaida bango kubandikwa kwenye kitambaa, katikati ikiwekwa karatasi isiyo na asidi, kwa gundi ya wanga wa ngano inayoweza kulowekwa ikaachia. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inaokoa bango. Lakini mara nyingi huandamana na kujaza matundu, kupaka rangi mikunjo na kuosha madoa, na mwisho wake bango la 3 linaning'inia ukutani kama 8. Ukiliandikia 8 ukanyamaza, umedanganya. Ukiliandikia 3, umedharau kazi halali. Ninachofanya ni kuliandikia daraja la linavyoonekana sasa, kisha papo hapo, kwenye mstari ule ule, naandika limebandikwa na nini kimeongezwa. Bila picha za kabla ya matengenezo siliandikii zaidi ya 7. Kuna wanaoniona mkali. Nimeshika mabango ya kutosha ambayo nusu ya anga lake ni rangi ya dawa ya kupuliza, na sitabadilisha hapo.

Uhalisi ni suala jingine kabisa, weka daftari lake peke yake. Chapa ya mwaka jana ya filamu ya 1957 inaweza kuwa 10 kwa hali na isiwe na thamani ya chakula cha mchana. Mabango ya Kihindi yanasumbua hapa zaidi ya ya Kimarekani, kwani filamu kubwa zilirudishwa kumbini tena na tena na mabango yakachapwa upya bila herufi R wala alama yoyote ya kukusaidia. Tazama kwa lenzi. Chapa iliyotokana na picha ya bango la zamani huwa na jambo moja linaloiumbua: mikunjo ya lile bango la asili imechapwa pamoja na picha. Unaiona kwa jicho, lakini ukipitisha kidole karatasi ni laini, haina mkunjo. Matundu ya pini nayo yamechapwa, vidoti vyeusi visivyo na tundu. Ukikuta hivyo acha kupima daraja, una kazi nyingine.

Na adimu si hali. Mwaka 2017 bango la Dracula la 1931 liliuzwa na Heritage kwa dola 525,800, na lingeuzwa kwa pesa ya kutisha hata kama lingekuwa limechoka, kwa sababu nakala zake zilizobaki zinahesabika kwa vidole. Soko linachanganya adimu na hali kwenye bei. Wewe usivichanganye kwenye daraja. Pale unapojikuta unasema "kwa umri wake ni 8", futa. Hakuna daraja la umri.

Umeuliza namba zitulie vipi kwa sanduku zima. Teua mabango manne kutoka sandukuni ambayo una hakika nayo, moja la 8, la 6, la 4 na la 2, yasiuzwe. Kila unapoketi kupima, yatazame hayo kwanza. Macho husahau haraka, na hayo manne ndiyo mizani yako. Usipime mengi kwa kikao kimoja. Ukianza kuandika "kama lililopita" ujue umechoka. Changanya, usipange mabovu pamoja na mazuri pamoja. Baada ya wiki kadhaa chagua machache bila kuangalia, yapime upya kutoka mwanzo, ndipo ulinganishe daftari. Tofauti ya nusu daraja ivumilie. Tofauti ya daraja zima au zaidi, usichukue wastani. Rudi kwenye orodha mbili za kasoro uone ipi ina mstari ambao nyingine haina. Mara nyingi utaikuta hapo. Na kama orodha zinafanana neno kwa neno lakini namba zimetofautiana, basi ufunguo wako una tundu mahali hapo, uzibe kwa dari mpya. Ukiwa na ndugu au rafiki mwenye subira, kila mtu aandike peke yake kwanza. Mkizungumza kabla ya kuandika, mwenye sauti kubwa ndiye atakayepima.

Kuna jambo jingine la Mombasa hasa. Uliyapima Januari, kaskazi, hewa kavu kidogo. Ukarudia Agosti baada ya masika kupita. Katikati hapo mabango yalikuwa kwenye sanduku la mbao pwani. Yale madoadoa ya kahawia yanayochipuka kwenye karatasi yenye unyevu, na koga, havihitaji miaka. Inawezekana baadhi ya mabango yako yalishuka daraja kweli, na namba yako ya Agosti ni sahihi sawa na ile ya Januari. Kwa sababu hiyo kila daraja liwe na tarehe, na kabla ya kumtumia mnunuzi lifungue bango tena hata kama ulilipima majuzi. Yatoe kwenye mbao, yalaze kwenye folda za karatasi isiyo na asidi au mifuko ya poliesta isiyofungwa kabisa, mbali na sakafu na ukuta wa nje, na yafungue mara kwa mara yapate hewa.

Kwa huyo mnunuzi wa Uingereza, mrudishie pesa zake pamoja na nauli ya mzigo, na bango usiliuze mpaka uandike upya. Maelezo yawe hivi: "Bango la asili la Kihindi, sm 75 kwa 101, limekunjwa, C4 kwa ufunguo ulioambatishwa, limepimwa tarehe kadhaa. Doa la maji pembe ya kushoto chini; mpasuko wa sm 3.5 chini katikati; selotepu mbili nyuma, moja imepenya; makutano mawili yameachana; pini na kutu pembeni. Rangi zimekolea, nyuso safi. Halijafanyiwa matengenezo." Ambatisha picha ya mbele, ya nyuma, ya tochi ya ubavu, na ya kila kasoro yenye nyota ikiwa na rula. Bei itashuka, ndiyo. Mtumie na yeye maelezo hayo hayo. Wakusanyaji wa mabango ya Kihindi huko Uingereza wanajuana, na aliyerudisha kwa hasira anaweza akalichukua tena kwa bei ya 4.